Meru Ndogo: Uipande Jioni ya Saddle Hut, Uipande Ukitoka Kileleni, au Uiache?

Swali hili hukukuta ukiwa umeshavua buti. Umetoka Miriakamba, kambi ya kwanza ya Mlima Meru, asubuhi, umepanda zile ngazi ambazo kila ukidhani zimekwisha zinachomoza nyingine, umefika Saddle Hut, kambi ya pili, mnamo saa nane mchana, umewekewa chai na bisi mezani, na mwili wote unadai godoro. Hapo mwongozaji anachungulia mlangoni: "Dada, saa kumi kasoro tunapanda Meru Ndogo. Utakuja?"

Nimelijibu swali hilo kwa njia mbili katika safari mbili. Mara ya kwanza nilisema hapana, nikalala. Mara ya pili nilikwenda. Binamu yangu, tuliyekuwa naye safari hiyo ya pili, alichagua njia ya tatu: aliahidi kuipanda kesho yake, akishashuka kutoka kilele kikubwa. Njia zote hizo tatu nimeziona kwa macho, na namwandikia mtu ambaye ameshaamua kwenda Meru, anataka kufika Socialist Peak, kilele kikubwa cha Meru, akiwa mzima, na hajui hiki kilele cha pembeni kitamsaidia au kitamla nguvu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Panda Meru Ndogo jioni ya siku ya pili, ilimradi umefika Saddle Hut kabla ya saa tisa na kichwa hakikuumi. Ukiukosa wasaa huo, iache. Kuipanda baada ya Socialist Peak ni jambo la wachache, na nitasema ni akina nani.

Mlima wenyewe

Njia ya kupanda Meru inaanzia lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Usiku wa kwanza unalala Miriakamba, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili unapita Topela Mbogo, unapanda Mgongo wa Tembo ambako kreta inafunguka mbele yako kwa mara ya kwanza, kisha unakaza mwendo hadi Saddle Hut, mita 3,570. Mabanda haya yamekaa kwenye bega la mlima: upande mmoja kuna Meru yenyewe, upande wa pili Meru Ndogo, ambayo kwenye ramani utaikuta kwa jina la Little Meru, mita 3,820. Socialist Peak iko mita 4,566.

Sasa toa na ujumlishe. Kutoka Miriakamba hadi Saddle Hut umepanda mita 1,056. Meru Ndogo inaongeza 250 juu ya hizo. Kutoka kitandani hadi Socialist Peak zimebaki 996, zinazopandwa usiku huohuo. Kwa maneno mengine Meru Ndogo ni robo ya kazi ya usiku. Hiyo robo ndiyo msingi wa hoja yangu, nitairudia.

Jambo moja la utaratibu kabla hatujaenda mbali. Kwa sababu ya nyati na tembo, Meru haipandwi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, na mara nyingi askari mmoja huongoza kundi la watu wasiojuana. Kwa hiyo Meru Ndogo haiendi mtu mmoja kwa kujisikia. Uliza mapema, hata Miriakamba asubuhi mkinywa uji, kundi linapanga nini kwa jioni. Ukisubiri mpaka umeshaoga miguu, wenzako watakuwa wameshaondoka au wameshalala.

Kuipanda jioni ya siku ya pili

Watu wengi huitetea njia hii kwa msemo mmoja: panda juu, lala chini. Ni msemo wa kweli. Mwili unapopelekwa juu kidogo ya mahali utakapolala unaanza kujifunza kuvuta pumzi zaidi, na ukishuka unapumzika kwenye hewa iliyo nzito kidogo. Kilimanjaro hufanya hivyohivyo: wanaopita njia ya Machame hupandishwa hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha hushushwa Barranco kulala. Wanaopumzika siku nzima Horombo hupelekwa Zebra Rocks na kurudishwa.

Lakini tusiupambe sana msemo huo. Lava Tower inampeleka mtu juu kwa mamia ya mita na kumkalisha huko kwa muda wa maana. Meru Ndogo inakupa mita 250 na robo saa ya kusimama juu. Saa moja ya namna hiyo haibadilishi damu. Faida ya mwili ipo ila ni ndogo, na sehemu yake kubwa ni kwamba badala ya kulala chali mchana kutwa ukivuta pumzi fupifupi, unatembea, unapumua kwa nguvu, unakunywa maji, na unarudi na njaa.

Faida kubwa ni nyingine kabisa. Meru Ndogo ni mtihani wa mwanga wa jua unaofanyika saa chache kabla ya mtihani wa giza.

Angalia saa yako unapoanza kupanda, na uiangalie tena ukifika juu. Ukitumia saa moja kwa zile mita 250, basi kwa mwendo huohuo mita 996 za usiku zitakula saa nne. Ongeza mshuko na mpando wa baada ya Rhino Point, kituo kwenye njia ya kileleni, ongeza hewa inayozidi kupungua, ongeza giza na baridi: ni saa tano. Ukitumia dakika 45, saa nne zinakutosha. Lakini ukitumia saa moja na nusu, huku ukisimama kila baada ya hatua kumi, hesabu inakwambia saa sita kabla ya kuongeza chochote. Hapo unamwendea mwongozaji wakati wa chakula cha jioni na kumwomba mwondoke mapema zaidi. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtu wa saa tano akiondoka saa saba na nusu usiku anakutana nalo juu. Mtu wa saa sita na ushee akiondoka saa hiyohiyo atakutana nalo njiani, na pengine kundi litakuwa limemwacha nyuma na msaidizi mmoja. Habari hii huipati kwa kukaa kitandani. Safari ya siku ya pili yenyewe haikupi pia, kwa sababu kuanzia Miriakamba unapanda kwenye hewa ya chini, unasimama kupiga picha, unasubiriana.

Mtihani huohuo unakagua na vitu vyako. Safari ile ya pili, dakika kumi na mbili tu kutoka mabandani, nilisikia kisigino cha kushoto kinawaka. Nikakaa kwenye jiwe, nikavua buti. Soksi ilikuwa imejikunja, na ngozi imeshakuwa nyekundu kama sarafu ya shaba. Nikanyoosha soksi, nikabandika plasta, nikafunga kamba upya: nikalegeza chini penye vidole, nikakaza kifundoni. Dakika nne. Mwongozaji alisimama akiniangalia, akasema, "Afadhali hapa, dada. Kule juu vidole vyako vya mkono havitakubali kazi hiyo."

Alijua anachosema, na mimi nilijua zaidi, kwa sababu safari ya kwanza kidonda hichohicho kilinianza karibu na Rhino Point saa nane na nusu usiku. Nilivua glavu kujaribu kufungua kamba, upepo ukavikamata vidole, na baada ya dakika mbili sikuweza hata kushika fundo. Nikaendelea hivyohivyo hadi kileleni. Niliporudi Saddle Hut soksi ilikuwa imegandana na ngozi.

Kwa hiyo kama unakwenda Meru Ndogo, nenda umevaa kama utakavyovaa usiku, isipokuwa tabaka za joto zibaki kwenye begi. Buti zilezile, soksi za aina ileile, begi lilelile, fimbo zilezile. Juu kwenyewe kuna upepo wa kutosha kukuonyesha kama zipu ya koti inakwama na kama kofia inafunika masikio. Washa tochi ya kichwani hata kama bado kuna mwanga. Betri iliyochoka ni bora uijue saa kumi na moja jioni kuliko saa tisa usiku. Na beba fulana kavu ya kubadilisha ukifika kilele hiki kidogo, maana jasho la mpando likikupoza hapo, utalala nalo.

Njia ina changarawe zinazoteleza sehemu za juu, vichaka vifupi sehemu za chini, na haihitaji mikono. Kwenda na kurudi, pamoja na kusimama, ni saa moja na nusu, ukijivuta mbili. Ratiba inayofanya kazi ni hii: toka saa kumi kasoro robo, rudi kabla ya saa kumi na mbili, kula hapohapo, ingia kwenye begi la kulalia saa moja na nusu. Giza halina subira. Huku karibu na ikweta jua likishazama mwanga unakwisha kwa dakika ishirini na kitu, na Saddle Hut inaingia kivulini hata kabla ya hapo kwa sababu jua linajificha nyuma ya ukingo wa Meru.

Na kivuli hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona kwenye mlima ule. Tulipofika juu, mawingu yalikuwa yametanda chini yetu upande wa mashariki hadi Kilimanjaro. Jua nyuma yetu likaanza kushuka nyuma ya Meru, na kivuli cha Meru kikaanza kutembea juu ya mawingu, chenye ncha na meno, kikielekea Kibo polepole. Chini ndani ya kreta ule mlima mdogo wa majivu ulikuwa umeshakuwa mweusi. Hakuna aliyesema neno. Yule askari wa hifadhi, ambaye bila shaka ameshaliona jambo hilo mara nyingi, naye aliweka bunduki begani akasimama akitazama.

Kuiacha na kulala

Nisiidharau njia hii. Niliichagua mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimechoka kweli, na bado nilifika Socialist Peak. Anayekwambia kwamba bila Meru Ndogo hufiki, anakudanganya. Wengi hawaipandi na wanafika.

Tatizo langu halikuwa kutokwenda. Lilikuwa namna nilivyopumzika. Nililala kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu jioni, nikaamka na kichwa kizito, sina hamu ya kula, na usiku usingizi ukanikataa kwa sababu nilishautumia. Kwenye mwinuko ule mwili uliolala huvuta pumzi kidogo kuliko uliosimama, na wakati mwingine pumzi husita kabisa kwa sekunde kadhaa kabla ya kurudi kwa mkupuo. Oksijeni inashuka, ndiyo maana wengi huamka kutoka usingizi wa mchana wakiwa hoi kuliko walivyolala. Shinikizo la hewa pale Saddle Hut ni karibu theluthi mbili tu ya lile la pwani. Ukiiacha Meru Ndogo, basi usilale. Kaa nje juani, zungukazunguka, kunywa maji na chai, panga begi la usiku wakati bado kuna mwanga, na usingizi uutunze kwa ajili ya usiku.

Kuna jioni ambazo kuiacha ndiyo akili, na sitaki mtu aniambie alikwenda kwa sababu nilimwambia. Kama umefika Saddle Hut baada ya saa tisa, umeshajibiwa. Kama kuna ngurumo, baki. Kama mvua imelowesha koti lako la pekee, baki ulikaushe. Kama goti lilianza kulia tangu Mgongo wa Tembo, mita 250 za kushuka ni mita 250 ambazo halitazipata kesho.

Na kama kichwa kinauma. Hapa nataka nitulie kidogo. Ushauri wa kawaida wa tiba ya milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Meru inakutoa 2,514 na kukulaza 3,570. Ni zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, na haina kituo katikati. Kwa hiyo kuumwa kichwa Saddle Hut si uzembe wako, ni mlima ulivyo. Kichwa kinachopungua baada ya maji, chakula na saa moja ya kupumzika ni jambo la kawaida. Kichwa kinachoambatana na kichefuchefu, kizunguzungu au kuishiwa nguvu kusikoeleweka kinamaanisha usipande popote, si Meru Ndogo wala kubwa, mpaka kitulie. Na mtu anayeyumba, anayeshindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka kwa kuweka kisigino mbele ya kidole, huyo hasubiri asubuhi. Anashushwa Miriakamba, ambako kuna zaidi ya mita elfu moja za nafuu.

Wapo wanaofikiri Meru Ndogo ni dawa ya kichwa kinachouma, kwamba ukipanda na kushuka kitaachia. Sivyo. Inamsaidia mzima abaki mzima. Aliyeanza kuugua inamwongezea.

Kuipanda ukitoka Socialist Peak

Binamu yangu alisema, "Nitaipanda kesho nikishuka, miguu ikiwa imeshapata moto." Kwa maneno inavutia. Kilele kikubwa kimeshakwisha, hofu imekwisha, mwili umeshapita mita 4,566 ambako hewa iko chini ya asilimia 60 ya ile ya pwani, kwa hiyo 3,820 itaonekana kama uwanja wa mpira.

Hewa kweli haikumsumbua. Kilichomsumbua ni saa na miguu. Tuliamshwa saa sita usiku, tukaondoka saa saba, tukafika Socialist Peak saa kumi na mbili na dakika arobaini, tukapiga picha na kile kibao, tukageuka. Saddle Hut tuliifikia saa nne na nusu. Tulikunywa uji. Mwongozaji alijaribu kumshauri kwa upole: "Kaka, Meru Ndogo haihami." Binamu akashikilia. Wakaondoka saa tano na nusu, yeye, mwongozaji msaidizi na askari, wengine tukabaki kufunga mizigo.

Mawingu yalikuwa yameshapanda. Meru ina tabia hiyo: asubuhi hukupa kila kitu, na ukikaribia mchana inajifunika. Jioni mara nyingi hujifunua tena, lakini yeye hakuwa na jioni. Alitumia saa moja na dakika ishirini kufika, akaona kibao na mduara wa ukungu, akarudi. Halafu ikabaki safari ya Miriakamba, mita 1,056 za kushuka juu ya zile 996 alizoshuka asubuhi na zile 250 za sasa. Kwa siku moja alishuka mita 2,302.

Kushuka kunadanganya. Mapafu yanapumzika, kwa hiyo unajiona uko sawa, kumbe misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ngumu kuliko zote: inavuta huku ikirefushwa, kila hatua inashika uzito wa mwili na begi usikimbie. Misuli inayotumika hivyo huchanikachanika ndani kidogokidogo, na maumivu yake hukomaa kesho na keshokutwa. Kabla ya maumivu huja ule mtetemo, magoti yanapocheza yenyewe ukisimama. Mtetemo huo pamoja na usingizi wa mtu aliyeamka saa sita usiku ndio unaoangusha watu. Pale kwenye ngazi binamu yangu alishuka sehemu ndefu kinyumenyume, ameshika fimbo zangu na zake, mimi nikiwa chini yake namwambia pa kukanyaga. Tulifika Miriakamba saa kumi na moja na nusu, wa mwisho. Wapishi walikuwa wametuwekea chakula kwenye moto.

Hajutii, na hilo nalisema kwa haki. Alitaka vilele viwili na alivipata. Lakini alivilipia kwa siku ya nne, ambayo aliitembea ngumu kama ubao, akashindwa kusimama kuangalia mbega wala maporomoko.

Nani basi anafaa kwa njia hii? Mtu mwenye ratiba ya siku nne, ambaye siku ya tatu inaishia Miriakamba. Mtu ambaye jioni ya siku ya pili alizuiwa na mvua na siyo na uchovu. Mtu aliyerudi Saddle Hut kabla ya saa nne asubuhi, anakula kwa hamu, anashuka ngazi za banda bila kushika ukuta, na anga bado liko wazi. Masharti hayo yakitimia yote, nenda. Likipungua moja, funga begi.

Kwa mwenye ratiba ya siku tatu sina masharti ya kutoa. Siku yake ya tatu inatoka Saddle Hut, inapanda kilele, na inashuka moja kwa moja hadi Momella, karibu mita 3,000 za kushuka. Asiongeze hata kilima cha mchwa.

Kama unakwenda Kilimanjaro baada ya hapa

Wengi huipanda Meru kama mazoezi ya Kilimanjaro. Kwao ulinganisho ni mwepesi zaidi. Chukua jioni ya siku ya pili, kwa sababu kila saa ya ziada juu ya 3,500 ina faida wiki hiyo, na kwa sababu makosa ya vifaa utakayoyagundua unaweza kuyarekebisha ukishuka. Acha kabisa kuipanda baada ya kilele. Magoti hayapati nafuu kwa siku mbili za mapumziko, na usiku wa kwenda Uhuru, mita 5,895, unayahitaji magoti kwa kushuka kuliko kwa kupanda.

Ile njia ya nne

Kuna mtu kwenye kila kundi kubwa ambaye, ikifika saa sita usiku, anajua hatakwenda. Kichwa kimemuuma, au tumbo, au amekaa kitandani na kuhisi moyo haupo. Mara nyingi mtu huyo hubaki bandani gizani akisikiliza buti za wenzake zikiondoka, na asubuhi anashushwa na wapagazi bila kuona chochote. Hana haja ya kukosa vyote. Kama afya imetulia kufikia alfajiri, na kama mwongozaji na askari wa kutosha wapo, Meru Ndogo inaweza kuwa kilele chake. Anaondoka saa kumi na moja badala ya saa saba, anapanda mita 250 badala ya 996, na jua linamkuta juu. Kilele ni halali kabisa, kirefu kuliko mlima wowote wa nchi nyingi. Ni jambo la kupanga usiku uliotangulia, wakati wa chakula, kwa sababu linahitaji watu wa kubaki naye.

Safari yangu ya kwanza alikuwepo mama mmoja wa makamo aliyekuwa amepanda na mwanawe. Alitapika jioni, usiku akapata nafuu, akakubali kutokwenda. Sisi tulikuwa tumeshapita Cobra Point, juu zaidi ya Rhino Point, mashariki pameanza kupauka, mimi na kisigino changu, niliposimama kuvuta pumzi nikageuka nyuma. Chini kabisa, ng'ambo ya bega, juu ya Meru Ndogo iliyokuwa bado nyeusi, kulikuwa na tochi mbili. Mwanawe aliziona pia. Aliinua yake akaizima na kuiwasha mara tatu. Tukasubiri. Kisha moja ya zile za chini ikazimika, ikawaka, ikazimika, ikawaka.